Chumba cha bwawa ndani ya nyumba: kwenye modeli ya nishati kinaingiaje?

mchora_ramani: Wakuu, habari za kazi. Nina ramani ya nyumba Shangani, Mtwara. Bwawa la ndani la mita 4 kwa 8, limepakana na sebule yenye kiyoyozi. Nikikiweka kama chumba cha kawaida, alama za nishati zinatoka nzuri mno. Nikikitoa, zinazidi kupanda. Programu ya modeli, ile inayokadiria matumizi ya nishati ya nyumba, haina sehemu ya bwawa. Lipi sahihi?

hesabu_kwanza: Hakuna. Kifanye zoni ya peke yake (eneo lenye joto na unyevu wake kwenye modeli), na ukuta na mlango wa sebule viingie kwenye hesabu. Kwa shimo la bwawa lenyewe, iga Uingereza: mwongozo wao wa Part L (kanuni za ujenzi kuhusu nishati) unahesabu jengo kana kwamba shimo halipo, palipo na maji unaweka sakafu ileile ya pembeni. Kuta za shimo wanazipa kikomo cha U (kasi ya joto kupenya) 0.25 W/m²K, lakini hao wanapasha maji. Huku kwetu hilo lisikunyime usingizi.

Kinachokula umeme ni mvuke, na huo unahesabu pembeni. Kanuni ya ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani: 0.00004 × eneo × tofauti ya shinikizo la mvuke kati ya maji na hewa (kPa) × 0.5 ya bwawa la nyumbani, jibu ni kilo kwa sekunde. Maji ya 28°C ni 3.78 kPa, hewa ya chumba ya 30°C, unyevu 60%, ni 2.55. Kwa 32 m² unapata kilo 2.8 kwa saa, yaani lita 68 kwa siku bwawa likiwa wazi. Kila kilo ikigeuka mvuke inabeba joto la kama 0.68 kWh, jumla 46 kWh kwa siku. Usije ukaandika kwamba bwawa linapoza nyumba! Mashine ya kukausha hewa ikiwa mle mle ndani, joto lote hilo linarudi chumbani, na umeme wa kompresa juu yake.

mchora_ramani: Feni ya kutolea hewa peke yake haitoshi?

fundi_baridi_Lindi: Juni mpaka Septemba inasaidia. Januari, mkuu, piga hesabu: hewa ya nje ya 28°C yenye unyevu 80% ina 3.02 kPa, imeshaipita 2.55 ya chumbani. Unatoa maji, unaingiza maji zaidi. Chumba kikifika 80% kwa 30°C, umande unaanza kwenye 26°C. Mlango ukiachwa wazi, vigae vya sebule ya 24°C vinalowa kama vimepigwa deki, na mapezi ya kiyoyozi yanadondosha matone.

Feni iweke hata hivyo, ila ikitoa hewa kidogo kuliko inayoingizwa, harufu ya klorini inahamia sebuleni. Itoe zaidi. Mlango ujifunge wenyewe, uwe na mpira pande zote nne. Hanga za dari zisiwe za chuma cha pua cha 304, klorini inakipasua kimyakimya huku kinang'aa.

hesabu_kwanza: Na kifuniko cha bwawa kiingie kwenye ratiba ya modeli kwa saa ambazo kweli kitafunikwa. Kama ni cha kuvuta kwa mkono na watu wawili, weka sifuri.

fundi_baridi_Lindi: Au mshawishi mteja bwawa likae barazani, upepo wa bahari ufanye kazi bure. Zoni nzima inafutika.