Naomba ushauri: flashi haifunguki kwenye Linux

MwanaWete: Assalaam aleikum. Nina flashi ya GB 32 iliyoharibika tangu umeme ulipokatika hapa Wete nikiwa nanakili faili. Ndani yake mna sauti za marehemu bibi yangu akisimulia ngano, na sina nakala nyengine. Alkhamisi nakusudia kupanda boti kwenda Unguja kwa fundi. Nifanye nini kabla ya safari?

MkulimaMkoani: Waaleikum salaam. Amana kama hiyo haiwekwi mahali pamoja, mwanangu. Mimi nilipoteza hesabu za karafuu za msimu mzima kwa kuiamini flashi, na tangu hapo naandika daftarini.

BintiShangani: Ndugu yangu, andika amri ya lsblk uone kama inatambulika kwa ukubwa wake kamili; ikitambulika, iondoe kwa umount, yaani itenganishe na mfumo wa kompyuta bila kuichomoa, kisha ikague kwa fsck.vfat -n, ambayo haibadilishi chochote. Umeshaifanyia nini mpaka sasa?

MwanaWete: Inatambulika. Ilikuwa inasomeka kwa tabu na haikubali kuandikwa, basi niliifomati kwa mkfs.vfat, nikatia kaswida za kama GB 1 kuijaribu. Video niliyoitazama ilielekeza hivyo, na sikuona njia nyengine.

Msomaji77: Kisa hiki naona kimetungwa. Mwanzo flashi haifunguki, sasa inapokea kaswida. Tena isiyokubali kuandikwa itafomatiwa vipi?

MwanaWete: Wallahi sikutunga. Niliona haya kusema kwamba nimeifomati kwa mkono wangu.

BintiShangani: Linawezekana kabisa. Linux ikikuta hitilafu katika mfumo wa FAT, yaani mpangilio wa faili ndani ya flashi, huizuia flashi isiandikwe, ili isizidi kuharibika. Ukishaiondoa kwa umount, kufomati hupita. Fomati hiyo imefuta jedwali la faili, yaani orodha ya mahali kila faili ilipo, lakini sauti nyingi huenda bado zimo. Kilichoniumiza ni kaswida, kwa sababu zimekaa juu ya sehemu ya data ya zamani, na kilichofunikwa hakirudi. Ichomoe sasa hivi. Tafuta diski yenye nafasi inayozidi GB 32, toa nakala ya flashi nzima kwa ddrescue, programu ya kunakili diski yenye hitilafu, kisha endesha PhotoRec, programu ya kufufua faili zilizopotea, juu ya nakala hiyo, si juu ya flashi. Majina ya faili hayatarudi, kwa hiyo itakubidi usikilize moja moja.

MwanaWete: Tiketi nimeshakata, na fundi ameniambia ataifomati upya kwanza.

BintiShangani: Basi usimpe flashi kabla hujatoa nakala, hata kama boti itakuacha.

MwanaWete: Mjomba ana diski yenye nafasi ya kutosha. Naifuata baada ya Isha.