Naomba ushauri: pa kupiga hema kati ya Ruaha Mbuyuni na Mikumi

Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni.

Natoka Mbeya kwenda Morogoro kwa baiskeli, mzigo wote uko kwenye keria. Jana nimepata tabu. Kuteremka mlima Kitonga kumenichosha kuliko kupanda: malori yanajikongoja kwenye kona, kuyapita huwezi, na ukishika breki muda mrefu rimu inapata moto wa kuunguza kidole. Kule chini joto la bonde na miiba. Tubu sasa ina viraka kama suruali ya fundi gereji.

Giza likaingia sina pa kulala. Ofisi ya kijiji imefungwa. Kanisani wakasema hawana neno, ila nilete kwanza karatasi ya mwenyekiti, naye yuko shambani kwenye vitunguu (siwalaumu, mgeni hajulikani). Mwishowe mlinzi wa kituo cha mafuta akaniruhusu nijilaze pembeni ya kibanda chake, taa usoni usiku kucha. Gesti zipo, ila hela naibana.

Naomba kuuliza: kutoka hapa Ruaha Mbuyuni hadi Mikumi mjini, ni kijiji gani wanapokea mgeni mwenye hema bila kumzungusha? Na zile kilomita 50 hivi za barabara kuu zinazokatiza Hifadhi ya Mikumi, ambako huwezi kupiga kambi popote tu, mwenye baiskeli anapita mwenyewe mchana au nipakie kwenye basi? Tembo na nyati sitaki utani nao.

Nitaondoka kesho asubuhi. Asanteni.