Tupeane uzoefu: jambo uliloliahirisha muda mrefu, ulilimalizaje?

Mwanzisha mada
Wakuu, habari za jioni. Naomba tuzungumzie kuahirisha mambo: leseni inaisha muda wake huku unaiangalia, paa linavuja tangu masika yaliyopita, kuna mtu unamkwepa barabarani kwa sababu ya deni. Mawaidha ya "acha uvivu" tumeyasikia tangu shule ya msingi, na wengi hayajatusaidia. Ninachoomba ni habari yako mwenyewe: jambo gani lilikukwamisha, na ni kitu gani hasa kilikunasua. Binafsi naamini wengi wanaoahirisha si wavivu. Utamkuta mtu anachapa kazi kutwa nzima, isipokuwa ile moja.

Fundi Cherehani, Morogoro
Kwenye ufundi wetu "njoo kesho" imetuharibia jina, na wateja wana haki ya kulalamika. Nilipofuatilia kazi zangu niligundua nguo haichelewi kwenye cherehani. Gauni la kitenge likishakatwa, kushona na kupiga ovaloki ni kazi ya siku moja. Kinachochelewa ni kukata. Mkasi ukishapita hakuna kurudi nyuma, na kitambaa ni cha mtu, pengine aliletewa zawadi na madukani hakipo tena. Basi unakikunja, unakiweka kwenye rafu, unachukua kazi nyepesi: kupunguza suruali, kubadilisha zipu. Jioni umechoka kweli, na kitambaa kiko palepale.

Siku hizi nakata mteja akiwa bado amekaa kwenye benchi. Nampima, tunakubaliana mshono, nachora kwa chaki, nakata mbele yake. Nikiwa na wasiwasi na urefu wa mkono au shingo namuuliza hapohapo, sibaki na wasiwasi huo wiki nzima. Halafu zikibaki wiki mbili kabla ya Idi sipokei kitambaa kipya, hata aje ndugu. Hilo lilikuwa gumu zaidi, maana msimu ndio wenye hela. Lakini wateja wa mwaka mzima wamerudi, na hao ndio wanaolipa kodi ya fremu. Mafundi wenzangu, angalieni ni hatua ipi mnayoikwepa. Mara nyingi ni moja tu.

Mama Watatu, Tabata
Ahsante fundi, umenigusa. Kwangu ilikuwa cheti cha kuzaliwa. Hospitali wanakupa tangazo la kizazi, unalifungia kabatini, unasema tutakwenda. Huku Bara mtoto anatakiwa aandikishwe ndani ya siku 90; zikipita, yanakuwa maombi ya kuchelewa na vielelezo vinaongezeka. Wazazi wengi hushtuka kijana akimaliza kidato cha sita, Bodi ya Mikopo inapotaka cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo.

Kwa mtoto wa mwisho safari hiyo niliifunga na kliniki. Chanjo zipo wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ya 14 siku 90 zimeshapita, kwa hiyo nilichagua ya 10: tukitoka kwenye sindano, mtoto mgongoni, moja kwa moja kuandikisha. Nauli ni ileile na ruhusa ya kazini ni ileile.

Jirani wa Kayole, Nairobi
Hapa Kenya ni ritani za kodi za kila mwaka, zile za KRA, mamlaka ya mapato. Mwisho ni Juni 30, na mtu binafsi akichelewa faini haipungui shilingi 2,000, hata kama hakupata kipato chochote. Chama chetu kiliamua kikao cha Machi kila mtu aje na P9 yake, ile fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi ya mwaka, tujaze pamoja kabla ya chai. Ukijua wenzako wanakungoja, hiyo P9 utaitafuta.

Mwanachuo, Dodoma
Mimi dakika 25 za kuandika, 5 za kupumzika, utaratibu wa Mwitaliano Francesco Cirillo. Simu anakaa nayo mwenzangu wa chumbani. Sina zaidi.

Binti Mkubwa, Tanga
Naomba niseme upande mwingine. Baba alipofariki mirathi ilinikalia mimi. Ndugu walidhani nazembea, wengine walidhani nina lengo langu na nyumba. Ukweli ni kwamba kila karatasi ilikuwa inaniambia upya kwamba baba hayupo: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, fomu za Mahakama ya Mwanzo. Nilikuwa nafungua bahasha na kuifunga.

Aliyenisaidia ni shangazi. Alikuja asubuhi akasema, "Mwanangu, leo tunafuata cheti cha kifo tu. Ya mahakama hatuyataji." Tukaenda, tukakipata, tukarudi, akapika. Wiki iliyofuata akaja tena kwa ajili ya muhtasari. Hakunihimiza hata mara moja. Alikuwa anakaa nami kwenye foleni. Kwa hiyo wakuu, mkimwona mtu amekwama, kabla ya kumwita mzembe muulizeni kama anahitaji wa kwenda naye.

Mwanzisha mada
Pole sana dada, Mungu ampumzishe mzee. Shangazi yako ni mtu wa kushukuriwa.

Bado hakuna aliyegusa hospitali. Kuna mtu alikuwa anaahirisha kupima presha au sukari, au shingo ya kizazi kwa akina mama, akapata njia ya kwenda? Mama yangu mdogo yuko kwenye hali hiyo na hasikii la mtu. Aandike tafadhali, hata kwa mistari miwili.