Romania na Ireland: asilimia ya matumizi ya chakula inatuambia nini kuhusu soko la viungo?

Iliki_Muheza: Habari za jioni wakuu. Niko Tanga, naandaa mchanganuo wa soko la Ulaya kwa kikundi cha wakulima wa iliki na pilipili manga. Takwimu za 2021 za Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, zinaonyesha chakula na vinywaji visivyo vya kilevi vilichukua asilimia 14.3 ya matumizi ya kaya za Umoja wa Ulaya. Romania ni karibu robo, Ireland kama 8. Basi tuanze na Romania?

Chumbageni: Hapana mkuu. Asilimia hiyo inapima uzito wa chakula kwenye mfuko wa kaya, haipimi wingi wa fedha. Kipato kikiwa kidogo, chakula humeza sehemu kubwa. Mtakwimu Mjerumani Ernst Engel aliliona hilo mwaka 1857 kwenye bajeti za kaya za Ubelgiji. Mfano wa hesabu tu: robo ya yuro 8,000 ni 2,000, lakini asilimia 12 ya yuro 22,000 ni 2,640.

Chukua matumizi ya chakula kwa yuro, ugawe kwa idadi ya watu. Kipimo cha PPS, kinachosawazisha tofauti za bei kati ya nchi, ni cha kujua nani anakula kingi. Wewe unauza, kwa hiyo baki na yuro.

Halafu toa VAT, maana imo ndani ya bei ya dukani. Mwaka 2021 chakula Denmark kilitozwa asilimia 25, Ujerumani kingi 7, Ireland kingi 0. Wengi hukosea hapa: usipunguze asilimia 25, gawa kwa 1.25. Kwenye kroni 100 kodi ni 20.

Raskazone: Angalia pia mnunuzi ni nani. Takwimu za matumizi ya ndani ya nchi huhesabu na watalii, kwa hiyo Malta hupanda.

Ngamiani: Yote sawa, ila kwa viungo mnatazama jedwali lisilofaa. Kwenye mpangilio wa matumizi ya kaya, kundi 01.1.9 linachanganya viungo na chumvi, sosi, hadi chakula cha watoto wachanga. Iliki yenu haionekani humo. Nendeni kwenye takwimu za forodha, ambako kila bidhaa ina namba yake: 0908 ina iliki pamoja na kungumanga, 0904.11 ni pilipili manga isiyosagwa. Gawanyeni thamani kwa kilo mpate bei ya bandarini.

Uholanzi itaonekana mwagizaji mkubwa kupita kiasi kwa sababu mizigo hushukia Rotterdam kisha huendelea Ujerumani na kwingineko. Toeni ilichouza nje kwa namba hiyohiyo ndipo mlinganishe.