Siku mbili mashambani mwezi wa Juni: mnafurahia nini, na saa ngapi?

Mchovu wa Ratiba aliuliza:

Ndugu wasomaji, salamu. Katikati ya Juni mimi, mke wangu na mtoto wetu wa miaka tisa tutakaa mashambani Jumamosi na Jumapili, katika nyumba ndogo iliyozungukwa na nyasi ndefu, yenye kijito upande wa chini. Mara mbili zilizopita tuliijaza ratiba pomoni, baiskeli asubuhi, kilima mchana, matembezi jioni, tukarejea mjini tumechoka kuliko tulivyoondoka. Safari hii natafuta starehe ndogondogo zisizodai maandalizi. Ninyi mliozoea mashambani mwanzoni mwa majira ya joto, hasa hufurahia nini?

Mwamka Alfajiri alijibu:

Ndugu, ukifanya jambo moja tu, amka kabla ya jua. Katika kizio cha kaskazini siku ndefu kuliko zote huangukia tarehe 20 au 21 Juni, na kwa aliye karibu na latitudo ya nyuzi 50 mchana hudumu saa 16 na ushei, hivyo jua halimsubiri mtu. Ndege huanza kukiwa bado na giza: kwanza mmoja, kisha wa pili amjibu, kisha hutaweza tena kuwahesabu. Mwanga wa wakati huo ni hafifu mno kutafutia chakula, na madume huutumia muda huo kutangaza mipaka yao na kuwaita majike. Jua likishapanda, sauti hupungua, na aliyechelewa huambulia mabaki.

Baada ya hapo nendeni kwenye umande. Tumezoea kusema kwamba umande huanguka, lakini hauanguki kutoka popote: usiku usio na mawingu wala upepo, majani hupoteza joto lake kuelekea angani mpaka yakawa baridi kuliko hewa iliyo juu yake, na mvuke uliomo katika hewa hiyo ukageuka matone. Ndiyo maana baada ya usiku wa mawingu mnaweza kuzikuta nyasi kavu. Jua likiwa bado chini, mwambie mtoto alipe mgongo na kutazama kivuli chake kirefu juu ya nyasi zenye umande. Atauona mwangaza mweupe ukikizunguka kivuli cha kichwa chake. Kila mtu huuona kwenye kichwa chake mwenyewe tu. Mimi na kaka yangu utotoni tuligombana kwa ajili hiyo, kila mmoja akidai kwamba ndiye aliyebarikiwa.

Mlinzi wa Usiku alijibu:

Aliyotangulia kuyasema ndugu yangu ni kweli, ila mimi ni mtu wa jioni. Machweo ya Juni hayana haraka. Mwanga hubaki angani muda mrefu baada ya jua kuzama, na ndipo nondo huanza kuyazuru maua yanayofunguka jioni. Zimeni taa zote za nyumba, mketi nje, na simu zibaki ndani, kwa maana macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na kuchungulia simu mara moja tu huwarudisha mlikoanzia. Tazameni upande wa mashariki: nyota nyeupe yenye kuelekea rangi ya samawati, inayong'aa kupita zote za upande huo, ni Vega. Mwanga wake umesafiri miaka 25 hivi kabla ya kuwafikia. Kwa mtoto wa miaka tisa, hiyo ina maana kwamba ulianza safari kabla hajazaliwa. Mkiweza kuchagua tarehe, epukeni mwezi mpevu.

Mzee wa Kivulini alijibu:

Mwenzetu ameomba apumzishwe na ratiba, nanyi mmemwandikia nyingine: aamke gizani, akeshe gizani. Atalala saa ngapi?

Nakushauri mchana, ambao wenzangu wameuruka kana kwamba haupo. Tandika mkeka chini ya mti, wala si chini ya mwavuli, kwa kuwa majani ya mti hutoa maji kwa njia ya mvuke na kuipoza hewa, jambo ambalo kitambaa hakiwezi. Lala. Mtoto mwache kijitoni, mahali pa kina kifupi na unapomwona, apange mawe kuzuia maji. Maji yatapata upenyo, naye ataanza upya, na hiyo itakuwa shughuli yake ya siku nzima bila wewe kunyanyua kidole. Tahadhari ni moja: nyasi ndefu huwa na kupe, kwa hiyo vaeni suruali ndefu mnapozipita na mkaguane miili jioni.

Mchovu wa Ratiba alijibu:

Nawashukuru nyote, na Mzee amenishika pabaya, maana nilikwisha kuchukua kalamu nipange saa. Baiskeli zitabaki nyumbani. Tutachagua ama nyota za Jumamosi ama ndege wa Jumapili, kutegemea nani atakuwa macho, na michana yote miwili ni ya mkeka. Tatizo ni kwamba nilimsomea mtoto habari ya kivuli, na tangu jana anasisitiza kwamba mwangaza wa mama yake yeye atauona.