Kupima foleti kwa wanawake wa wilaya nzima: seramu inatosha, au ni lazima seli nyekundu?

AfisaLishe_Kusini:

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi.

Mimi ni afisa lishe katika halmashauri moja ya kusini mwa Tanzania. Nimepewa kazi ya kuandaa andiko la utafiti mdogo kuhusu hali ya foleti, yaani vitamini B9, kwa wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Katika muda mfupi tumepeleka rufaa watoto watatu waliozaliwa na mgongo wazi, na kila tukikaa kikao swali ni lilelile: je, wanawake wetu wana foleti ya kutosha mwilini, au tunabahatisha?

Fedha tuliyo nayo ni kidogo. Mwenzangu anashauri tupime seramu peke yake, yaani maji ya damu yasiyo na seli, kwa kuwa ipo maabara yenye mashine na majibu hutoka siku hiyohiyo. Mwingine anasema seramu itatupotosha. Nami katika kusoma nimekutana na namba 10, 340 na 906, zote zikitajwa kuwa mpaka wa foleti katika damu, na nimeshindwa kuelewa ipi ni ipi. Naomba mnieleweshe.

Tabibu_wa_Zamu:

Ndugu Afisa Lishe, namba hizo hazigombani. Kila moja inajibu swali lake.

Namba 10 ni ya seramu na 340 ni ya seli nyekundu, zote zikiwa nanomoli kwa lita. Chini ya hapo kemikali iitwayo homosisteini huanza kupanda katika damu, kwa sababu mwili hauna foleti ya kutosha kuigeuza, na huo ndio upungufu kwa maana ya kawaida. Namba 906 ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015, nayo si mpaka wa upungufu hata kidogo. Ni kiwango cha foleti katika seli nyekundu ambacho wanawake wa jamii wakikifikia, watoto wenye mgongo wazi na kasoro nyingine za mrija wa neva (unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo) hupungua kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo mwanamke mwenye 500 hana upungufu, hana dalili yoyote, damu yake ni nzuri, na bado hajafika panapotakiwa kwa ajili ya mtoto atakayembeba.

Zingatia pia kwamba 906 ni kigezo cha jamii. Usimwite mama mmoja ukamwambia kuwa mtoto wake yuko hatarini kwa sababu amepata 850.

Kuhusu seramu, mwenzako wa pili yuko sahihi. Seramu inaonyesha kilichopikwa chunguni jana, ilhali seli nyekundu inaonyesha kilichomo ghalani. Foleti huingia katika seli wakati inatengenezwa ndani ya uboho wa mfupa na hukaa humo mpaka seli ife, yaani siku 120 hivi. Mama aliyekula maharage na kisamvu usiku anaweza kukupa seramu ya kuvutia asubuhi, hata kama miezi mitatu iliyopita alikuwa akila ugali wa muhogo na chumvi. Tena kwa seramu hakuna kiwango kilichokubalika cha kinga dhidi ya mgongo wazi, na swali lenu ni hilo hasa.

Mlinzi_wa_Friza:

Naongezea upande wa maabara, maana andiko zuri linaweza kufia kwenye kisanduku cha barafu.

Miaka kadhaa iliyopita nilishiriki utafiti wa namna hii. Damu ilichukuliwa vizuri, ikachanganywa vizuri, ikagandishwa vizuri, lakini katika vituo viwili hakuna aliyeandika himatokriti, yaani sehemu ya damu iliyo seli nyekundu kwa asilimia. Sampuli zile zote hazikutufaa. Kinachopimwa ni foleti ya damu nzima, na ili upate ya seli nyekundu ni lazima ugawe kwa himatokriti. Usipokuwa nayo, hujui kama foleti ni chache au ni seli zenyewe zilizo chache. Mahali penye upungufu mwingi wa damu kosa hilo ni kubwa mno.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Unachukua mikrolita 100 za damu nzima yenye dawa ya kuzuia kuganda, unaziweka katika mililita moja ya maji yenye asilimia moja ya asidi askobiki, ambayo ndiyo vitamini C. Seli zinapasuka, na vitamini C inailinda foleti isiharibike. Kinga mirija na mwanga, iweke kwenye ubaridi mara moja, kisha ihifadhi kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri. Kama umeme wenu ni wa kukatika, panga jenereta kabla hujapanga posho. Na seramu iliyoingia wekundu itupe, kwa sababu seli zilizopasuka humwaga humo foleti yake, ambayo ni nyingi mara kadhaa kuliko ya seramu.

Kuhusu mashine ya majibu ya siku hiyohiyo, kigezo cha 906 hakikuwekwa kwa mashine za aina hiyo. Kilitokana na kipimo cha bakteria aitwaye Lactobacillus rhamnosus, ambaye hawezi kujitengenezea foleti. Unamtilia sampuli ya damu, na kadiri foleti ilivyo nyingi ndivyo anavyozaliana na kuufanya mchanganyiko uwe na ukungu, nasi tunausoma ukungu huo. Mashine za kawaida hutoa majibu yanayotofautiana na hayo, na hata kati yake zenyewe. Ulizeni vilevile maabara inasawazisha kipimo kwa foleti ya aina gani, kwa kuwa ikitumia methili-tetrahidrofoleti (foleti ya aina inayozunguka katika damu) badala ya asidi ya foliki (foleti ya kutengenezwa kiwandani), mpaka unaolingana na 906 unashuka hadi 748.

Kwa kuwa bakteria ni kiumbe hai, dawa nazo zinaweza kumuua au kumzuia asizaliane. Mama anayemeza kotrimoksazoli, ambayo ni dawa ya kuua bakteria, au aliyemeza SP ya malaria karibuni, damu yake inaweza kusoma chini kuliko hali halisi. Liwekeni swali hilo kwenye dodoso.

Mkunga_Mstaafu:

Wanangu, mimi nitasema la kliniki tu. Mrija wa neva wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambao wengi hawajajua kama wana mimba. Katika daftari langu la hudhurio la kwanza, wengi walifika mwezi wa nne au wa tano, tukawapa vidonge vya kuongeza damu vyenye foliki. Vidonge vile vilimsaidia mama kwa damu yake, na visiachwe, lakini kwa mgongo wa mtoto tulikuwa tumechelewa. Basi msiwapime wajawazito wa kliniki mkadhani mmepima wilaya. Wapimeni wasichana na wanawake huko majumbani, kabla ya mimba.

Halafu andikeni unga wanaokula ni upi. Unga wa kiwandani wa pakiti unaweza kuwa umeongezwa foliki, lakini dona la mashine ya mtaani halina. Na mchicha unaochemshwa ukamwagwa maji yake umemwagwa na foleti yake.

AfisaLishe_Kusini:

Nawashukuru sana, na kwako Mama Mkunga shikamoo. Seramu peke yake nimeiondoa. Swali moja limebaki: huku kwetu malaria ni nyingi. Je, haivurugi majibu?

Tabibu_wa_Zamu:

Inavuruga. Malaria na selimundu huufanya mwili uzalishe seli changa kwa wingi, na seli changa zina foleti zaidi kuliko zilizokomaa, hivyo wastani unaweza kupanda bila chakula kubadilika. Fanyeni kipimo cha haraka cha malaria kwa kila mshiriki, na fedha ikiruhusu pimeni vitamini B12 pia, kwa sababu ikipungua, seli hushindwa kuihifadhi foleti hata kama mlo unayo.

Fedha isipotosha, punguzeni idadi ya wanawake kuliko kupunguza vipimo. Muhimu ni wachaguliwe kwa bahati nasibu kutoka vijiji vyote, si vile vya barabarani tu.

Mlinzi_wa_Friza:

Na himatokriti, ndugu yangu. Iandikwe palepale, kwa kalamu isiyofutika.