Gari moja, watu wawili: kwa nini mama ndiye kaumia zaidi?

Muulizaji: Wakuu, juzi saa mbili usiku mama yangu (68) na kijana wa jirani waligongwa kwenye zebra, Kimara. Kijana ana michubuko, mama kavunjika nyonga. Kandambili yake tumeikuta mtaroni.

Jibu: Pole sana. Umri huo mifupa imeshachoka. Gari gani?

Muulizaji: Pikapu.

Jibu: Basi ndiyo hiyo. Gari dogo hupiga miguu, mtu akaangukia boneti. Pikapu hupiga nyonga moja kwa moja. Mwendo nao! Shirika la Afya Duniani linasema kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa, hatari ya kufa hupanda mara 4.5.

Muulizaji: Taa pale haiwaki, breki tulizisikia baada ya kishindo. Kesho napeleka barua serikali ya mtaa.